Katriji gani kwa siku ya kwanza ya kuwinda fezanti? Nina wiki tatu tu

FundiTrekta_Hereford:

Wakuu habari za majukumu. Niko Uingereza, Herefordshire huku mashambani, mwaka wa sita sasa, kazi yangu ni ufundi wa matrekta na mashine za shamba. Bosi wangu ndio mwenye shamba, kanialika Jumamosi moja mwezi wa 11 kwenye siku yao ya kuwinda fezanti, na safari hii sio kufukuza ndege porini na fimbo kama nilivyofanya misimu miwili iliyopita, ananipa pegi yangu nisimame na bunduki kama wageni wake wengine. Nimefurahi sana na pia silali vizuri maana sitaki kumwaibisha.

Kwa wasiomjua, fezanti ni ndege wa ukoo wa kuku, umbo kama kanga ila mkia mrefu, jogoo ana rangi ya shaba na uso mwekundu, mtetea ni wa kahawia. Watu wanapita msituni na mbwa, ndege wanaruka juu kwenda walikosimama wapigaji kwenye mstari, kila mtu na pegi yake yenye namba.

Sasa swali. Leseni ya shotigani ninayo, polisi walinipa mwaka jana, na kwenye klabu ya kupiga sahani za udongo zinazorushwa hewani naenda karibia kila baada ya wiki mbili. Kule rahisi, unachukua boksi la gramu 28 namba saba na nusu kazi imeisha. Juzi nimeingia duka la bunduki kutafuta katriji za fezanti nikakuta ukuta mzima, namba 4, 5, 6, gramu 28, 30, 32, 36, nyingine faiba nyingine plastiki, stili, madini mengine wanaita bismathi, 65mm, 67mm, 70mm, 76mm, yani nilisimama pale kama dakika ishirini. Jamaa wa dukani alikua na haraka akanishushia boksi la gramu 36 namba 4, 70mm, akasema hii inaua kila kitu. Sikulipa, nikamwambia narudi.

Bunduki yangu ni geji 12, mtutu juu ya mtutu, ya mtumba, chemba yani pale katriji inapokaa ni 70mm. Ila bosi anataka siku hiyo nishike ya marehemu baba yake, ya kizamani, mitutu pembeni kwa pembeni, nyepesi sana ukiibeba. Kwake yeye kunipa ile ni jambo kubwa naliona usoni. Siku ni ya ndege kama 80, wapigaji 8. Ninunue nini, na ngapi?

Kanga_wa_Kilosa:

Hongera sana mkuu. Mi niko Morogoro, fezanti sijawahi kumuona ila zamani mjomba alikua na shotigani na kibali, tulikua tunaenda nae kuwinda kanga na kwale. Kanga manyoya yake ni bati, ukimpiga na marisau madogo anajikung'uta anakimbia, mjomba alikua anatumia namba 4 na mzigo mzito hana habari na kingine. Kwa hiyo huyo wa dukani mi naona hajakudanganya, chukua 36 uende ukiwa na uhakika, ukimpiga ndege amepigwa.

Alafu mkuu kitu kimoja, kanga anakimbia chini kuliko kuruka, mjomba alikua anawasubiri wakijipanga ardhini. Huko vipi mnaruhusiwa?

MzeeWaPegi:

Kijana hongera, kupewa pegi na mwenye shamba ni heshima, wapo wanaolipa hela nyingi kuipata. Mimi niko Yorkshire mwaka wa ishirini na tatu huu, nimeanza kama wewe kwa kufukuza ndege. Na umefanya vizuri mno kutolipa lile boksi, ntakwambia kwa nini.

Usianze na namba wala gramu, anza na bunduki ya marehemu. Hiyo ndio imenifanya niwashe kompyuta saa hizi. Shotigani nyingi za Kiingereza za mitutu pembeni kwa pembeni za zamani zina chemba ya inchi 2½, yani 65mm, na ule urefu unaoandikwa kwenye boksi la katriji ni urefu wa ganda likishapigwa na mdomo wake kufunguka, sio urefu unaouona mkononi. Sasa elewa hatari ilipo. Katriji ya 70mm inaingia kwenye chemba ya 65 vizuri kabisa, bunduki inafunga, hakuna kinachokwama kukuonya, alafu ukifyatua mdomo wa ganda unafunguka pasipo nafasi, unaziba njia, presha inapanda kupita kiwango ambacho ule mtutu ulipimiwa. Lile boksi la gramu 36 la 70mm kwenye bunduki nyepesi ya baba wa watu, mikono yako ikiwa mbele kwenye mitutu, hapana. Hata kulifikiria sitaki.

Kwa hiyo muombe bosi uifungue, toa mitutu, geuza uangalie chini pale karibu na chemba. Utaona alama zimegongwa, za nyumba ya majaribio ya London au Birmingham, tafuta 2½ au 65, na maneno NITRO PROOF, yani ilipimwa kwa baruti ya kisasa. Kama ni ya baruti nyeusi tu iache ukutani ipumzike. Hata kama alama ni nzuri bado mpelekee fundi bunduki apime unene wa mitutu na achungulie ndani kama kuna vibonyeo, ni kazi fupi na bosi mwenyewe atashukuru.

Pili muulize bosi maswali mawili kabla ya kununua chochote. La kwanza, shambani kwake wanaruhusu kizibo cha plastiki? Ndani ya katriji kati ya baruti na marisau kuna kizibo wanaita wadi, kinatoka na kuanguka shambani, mashamba mengi ya mifugo yanataka faiba tu maana plastiki inabaki miaka na ng'ombe wanaila. La pili, wanataka marisau ya madini gani. Hilo la pili siku hizi ni mjadala mzito, nawaachia wengine waanze.

Sasa gramu. Wazee wa huku wana kanuni kwamba uzito wa bunduki uwe kama mara 96 ya uzito wa marisau. Gramu 36 mara 96 inakuja karibu kilo tatu na nusu. Ile ya marehemu kwa unavyoisema haifiki, labda kilo 3. Gramu 30 inataka kilo 2.9, gramu 28 inataka 2.7, hapo ndio pake. Ukizidisha, bunduki inakupiga bega na shavu, ukifika draivu ya pili, yani zamu ya pili ya kufukuziwa ndege, unaanza kufumba macho kabla ya kufyatua na mtu aliyefumba macho hakuna katriji ya kumsaidia.

Namba. Kumbuka namba ikiwa kubwa marisau ni madogo. Namba 6 ya Uingereza ni kama 2.6mm, wakia moja, ambayo ni gramu 28 na kidogo, ina kama 270. Namba 5 ni 2.8mm, wakia ina 220. Namba 4 ina 170. Hapo nasema risasi yenyewe ile madini, sio stili. Ndege anauawa na vitu viwili kwa pamoja, marisau ya kutosha yamguse na kila moja liwe na nguvu ya kuingia. Namba 4 lina nguvu lakini ni machache, wingu lake lina matundu, ndege anapita katikati au anapata moja la tumbo anaenda kufia mbali anateseka. Kwa ndege wa shamba wa yadi 25 hadi 35 mimi ni namba 6, gramu 28 au 30, choki, yani ule mbano wa mdomo wa mtutu, robo na nusu, na sijabadilisha miaka yote hii. Ukiona boksi la Marekani usichanganye, namba 6 yao ni karibu sawa na namba 5 ya hapa.

Ndugu wa Kilosa, hapa kumpiga fezanti ardhini hapana kabisa, wala anayeruka chini. Kule mbele kuna watu na mbwa wanakuja kwako kwenye nyasi ndefu. Lazima uone mbingu nyuma ya ndege, siyo majani siyo kilima, mbingu.

Njoro_Perthshire:

Sasa wasee. Mimi ni Mkenya niko Scotland, nafanya kazi kwa estate na nimebeba katriji za wageni kwa hizi vilima mpaka mabega ikazoea. Mzee hapo juu ameongea poa sana kuhusu chemba, hio usicheze nayo. Lakini namba 6 siwezi kubali kwa kila mahali. Huku ndege inatoka juu ya mlima inapita bonde, yadi 40 na zaidi, na namba 6 inamgusa tu. Kwa ndege ya juu ni namba 5, na mgeni akiwa na bunduki nzito gramu 32. Nimeokota ndege nyingi na mbwa za kujua tofauti, ile imepigwa na namba 5 inaanguka kama gunia, ile ya namba 6 kwa umbali hio inaenda ikishuka pole pole na mbwa anatafuta nusu saa.

Kwa hivyo swali ni ndege za hapo kwenu zinapita juu kiasi gani. We ushakuwa hapo kama mfukuzaji unajua.

Na hii maneno ya stili. Stili ni nyepesi, risasi ina uzito kama 11.3 kwa sentimita ya ujazo, stili haifiki 8, so inapoteza mwendo haraka. Unaongeza saizi mbili, kama ulikuwa utumie namba 6 ya risasi unachukua namba 4 ya stili. Na usione namba 4 ukadhani zitakuwa chache kama zile za risasi, kwa gramu 28 ya stili namba 4 kuna kama 230 kwa sababu kila moja ni nyepesi. Kitu ingine, kuna stili ya kawaida na kuna ile ya nguvu zaidi, ile ya nguvu inataka bunduki iliyopimwa na kugongwa alama ya ua la yungiyungi, kama hio alama haiko usiweke. Choki usipite nusu.

MamaNaima_Brum:

Samahanini naingia kwenye mazungumzo ya wanaume, mimi siwindi, mimi napika. Jirani yangu Mwingereza ananiletea fezanti kila msimu wawili wawili wamefungwa kamba shingoni, mwanzo nilikua nawatazama sijui nianzie wapi sasa hivi nawapika na nazi kama kanga.

Ila kuna kitu nataka mkaka alieuliza akisikie. Kiswahili chetu kinatuficha hapa, risasi ni ile inayotoka kwenye bunduki na risasi ni madini, lile madini laini la kijivu lenye sumu. Kwa hiyo tukisema ndege kapigwa risasi hatuulizi risasi ya nini. Mwaka juzi mwanangu wa miaka minne kala mchuzi akatema kitu kwenye sahani, kidonge cheusi kidogo kama mbegu ya bamia, nikauliza watu nikaambiwa ndio hiyo, risasi ya risasi. Idara ya chakula ya hapa inashauri watoto wadogo na wajawazito wapunguze kabisa nyama ya aina hii, maana ukiacha vile vidonge unavyoviona kuna vumbi lake linalobaki kwenye nyama hulioni na kupika hakuliondoi. Ubongo wa mtoto ndio unaumia.

Tangu siku hiyo namuuliza jirani kabla sijapokea. Akisema stili napokea, akisema risasi namshukuru namwambia mpe mwingine. Kwa hiyo kaka yangu ukiamua ya kununua kumbuka na mtu atakaekula, kama una watoto nyumbani.

FundiTrekta_Hereford:

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Mama Naima nina mabinti wawili, mmoja ana miaka mitano. Maneno yako nimemsomea mke wangu na yeye kaamua kabla yangu.

Nimefanya kama mzee alivyosema. Tumefungua bunduki jana jioni mezani kwa bosi, chini ya mitutu kuna NITRO PROOF na 2½. Bosi mwenyewe alikua hajui, kumbe baba yake alikua na katriji zake maalum kabatini na yeye hajawahi kuitumia hii, ana yake mpya. Aliponiona naonyesha na tochi ile namba akanyamaza kidogo akasema baba angekupenda. Leo asubuhi tumeipeleka kwa fundi bunduki, kapima, anasema mitutu ina unene wa kutosha ila sio ya kuchezea, akasema kwa hii yeye asingeweka stili, aidha risasi au bismathi za 65mm mzigo mwepesi.

Alafu bosi kasema msimu huu shambani kwao hawataki tena risasi ile madini, anaechukua nyama kakataa. Na faiba tu, plastiki hapana, ng'ombe.

Njoro kuhusu urefu, ndege wetu wanatoka msitu mdogo wa mialoni kwenye kiteremko, wanapita juu ya miti na kidogo zaidi. Mi nikisimama chini naona miguu yao. Yadi 25, 30, mara chache zaidi.

Kwa hiyo imebaki stili kwenye bunduki yangu au bismathi kwenye ya marehemu. Nimeuliza bei ya bismathi nimeshtuka, boksi moja la 25 unanunua maboksi kadhaa ya sahani za udongo. Au nichukue bunduki zote mbili nibadilishe katikati?

MzeeWaPegi:

Marahaba. Usichukue zote mbili. Zote ni geji 12, mfukoni utakua na 70mm ya stili na 65mm ya bismathi, ganda la rangi moja pengine, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, ndege wanakuja, utaweka isiyo yake. Bunduki moja katriji aina moja mfukoni, na kabla ya kutoka nyumbani kung'uta mifuko yote ya koti. Hii ndio sababu katriji za geji 20 zinatengenezwa na ganda la njano, ile ikidondokea kwenye mtutu wa 12 inapita chemba inakwama mbele, mtu anadhani hajaweka anaongeza ya 12 nyuma yake anafyatua. Nimeona mtutu uliofumuka hivyo umetundikwa ukutani kwenye duka, umefunguka kama ganda la ndizi. Kama kuna mgeni wa geji 20 kwenye mstari usimwazime katriji wala usiazime kwake.

Bei ya bismathi usiiogope, piga hesabu. Ndege 80 kwa wapigaji 8 ni kumi kumi. Anaeanza akipata mmoja kwa katriji nne amefanya kazi, hiyo ni katriji 40. Ukinunua maboksi matatu una 75 na hutaishiwa ukiwa kwenye pegi. Sio kama sahani za udongo unamaliza mia kwa asubuhi moja. Bismathi uzito wake ni kama 9.6, iko kati ya risasi na stili, kwa hiyo unapanda saizi moja tu, namba 5 badala ya 6, na ni laini haitaumiza mitutu ya zamani. Gramu 28 au 30, 65mm, faiba. Hapo Njoro atafurahi kapata namba 5 yake.

Kuhusu yeye na mimi, kwa vilima vya Perthshire ana haki, sitabishana na mtu anaeokota ndege. Kwa mialoni ya Herefordshire nabaki nilipo.

Ile 67mm uliyoiona dukani, zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya chemba ya 65 na zipo ambazo sio, kwa hiyo unasoma boksi mpaka mstari wa mwisho. Kama halijataja kwa maneno chemba ya 65 liache.

Na mazoezi usifanye na bismathi, utafilisika. Nunua katriji nyepesi za kawaida za 65mm za sahani, ile bunduki bosi anaweza kukuazima isiyozidi saa 72 bila kupeleka taarifa polisi maana leseni unayo, kwa hiyo wikiendi moja iende nayo klabu. Omba wakupangie sahani za juu zinazokuja usoni. Ile ya kwako ina uzito mwingine na unatazama juu ya mtutu mmoja, hii unatazama katikati ya miwili, wiki ya kwanza utaona kama umebadilishiwa macho. Alafu tenga bismathi tatu nne, weka karatasi kubwa yadi 30, chora duara la inchi 30 kuzunguka pale palipopigwa zaidi, hesabu matundu. Kwa fezanti ukipata 120 na kuendelea, yaliyosambaa vizuri bila uwazi wa kupitisha ndege, una jibu lako kwa macho yako na hutakua na haja ya kuuliza mtu.

Abuu_Salim:

Assalaam alaykum. Naomba niongeze moja maana Waislamu wengi huku tunaalikwa. Ukifyatua unasema bismillah, na ukimkuta ndege bado hai unamchinja. Aliyekufa kwa marisau kabla hujamfikia wanazuoni wametofautiana, wapo waliomruhusu kwa sababu marisau yanatoboa ngozi na wapo waliokataa, kwa hiyo kila mmoja amuulize anayemuamini. Mimi binafsi nabeba kisu kidogo, na naongea mapema na wale wenye mbwa wa kuokota, nawaambia ndege wangu akiletwa hai nipeni, na wanakubali kwa heshima kabisa. Ila subiri pembe ilie mwisho wa draivu, usitoke kwenye pegi kumfuata ndege watu bado wanapiga.

Njoro_Perthshire:

Hio ya pembe ni ya maana. Na Jumapili England na Wales hamuwindi hata, ni sheria ya tangu 1831, Krismasi pia. Huku Scotland sheria haiko lakini hakuna mtu anatoka Jumapili. Msimu unaisha tarehe 1 mwezi wa pili, so ukikosa hio Jumamosi kuna zingine.

Moja tu nilisahau, karibu kila ndege unamkosa nyuma. Katriji watu wanalaumu lakini shida ni wamesimamisha bunduki. Anza kwa mkia, pita mwili, pita mdomo, ukiona mbingu kati yako na mdomo fyatua na usisimamishe mkono.

FundiTrekta_Hereford:

Wakuu nimerudi, ilikua jana, samahani ni ndefu.

Kwanza karatasi. Niliweka yadi 30 kama mzee alivyosema, bismathi gramu 28 namba 5, mtutu wa kulia ulitoa matundu 128 ndani ya duara, wa kushoto 151. Nilihesabu na kalamu nikiweka nukta kila tundu, binti yangu mkubwa ananisaidia. Nilipomaliza nilikua mtu mwingine, ule wasiwasi wa je nimenunua sawa ukaondoka kabisa, ukabaki wasiwasi wa mimi.

Jumamosi asubuhi ukungu. Tukavuta namba nikapata pegi ya 5. Gemukipa, yule mtunza ndege wa shamba, akasema sheria za siku, majogoo na mitetea wote sawa, mbweha hapana, hakuna kupiga chini, pembe ya kwanza na pembe ya pili. Nilikung'uta mifuko mara mbili mbele ya bosi, mara ya pili akaanza kukung'uta na yeye.

Draivu ya kwanza nilipiga tisa sikupata hata mmoja. Nikasikia moyo unakwenda. Hapo ndio nikakumbuka maneno ya Njoro maana nilijua kabisa nasimamisha mkono kila ndege anapofika juu ya kichwa. Bega halikuuma, sikua nafumba macho, kwa hiyo nilijua kosa liko sehemu moja tu ya kurekebisha. Ningekua na zile 36 sijui ningejua vipi. Draivu ya pili jogoo mmoja katoka juu ya mwaloni anakuja moja kwa moja, mbingu nyuma yake nyeupe, nikaanza mkiani nikapita nikaendelea kwenda na bunduki ikalia kama yenyewe. Akaanguka nyuma yangu hata hakujigonga. Nilikaa na bunduki imefunguliwa wengine wawili wakapita sikuwapiga, nilikua namwangalia.

Jumla nimepiga katriji 34 nimepata saba. Zilizobaki ziko kabatini. Mmoja kati ya saba alipigwa pembeni akatua mbali kwenye ua, mbwa alimleta baada ya kama dakika kumi, na huyo ndio ninaemfikiria zaidi. Alikua mbali, nadhani yadi 40 na zaidi, nisingempiga. Mzee ulisema 35 na mimi nilikua naijua.

Mchana mama yake bosi alikuja kula na sisi, ni bibi wa miaka themanini na kitu. Akaomba kuiona bunduki, nikaifungua nikampa. Akauliza nimetumia nini nikamwambia bismathi gramu 28, akasema mumewe alikua anapiga wakia moja ya namba 6 maisha yake yote na watu wa katriji kubwa walikua wanamkasirisha. Mzee nikakukumbuka.

Tumepewa wawili wawili kila mtu, jogoo na mtetea. Mama Naima, mke wangu amewapika na nazi leo, nyama nimeikagua kwa tochi kipande kwa kipande, nimetoa vidonge vitatu nikaviweka kwenye kisosi. Binti mdogo kala mguu akaomba mwingine. Kama unaweza niandikie unavyofanya kifua kisikauke maana mguu ulikua laini ila kifua kilitushinda kidogo.

MamaNaima_Brum:

Alhamdulillah! Kifua kitoe kwanza kaka, usikipike pamoja na miguu. Miguu iende na tui jepesi saa moja na nusu moto mdogo na tangawizi na kitunguu, kifua ukipake ndimu na chumvi kikae pembeni, alafu dakika kumi na tano za mwisho ukiweka tui zito ndio unakiingiza, sio kabla. Ukiona kimeacha wekundu tu epua.